Pumzi inakuja haraka, mifupa inachelewa: uzi wa wenye wameanza mazoezi Kisumu, Nakuru na Western

NyarDunga_Fizio (Kisumu)

Wakuu, kila tangazo la makurutu wa jeshi ama polisi likitoka hapa Kisumu naona kitu kile kile. Vijana wenye hawajakimbia tangu wamalize shule wanaamka siku saba mfululizo, Kondele mpaka Mamboleo na kurudi, wengine siku ya kwanza tu wanapanda kilima cha Riat, alafu baada ya wiki tatu nne wananijia wakichechemea wameshika muundi. Kazi yangu ni fizio, natibu misuli na viungo, hawa ndio watu wangu wa kila siku, na inaniuma sana juu karibu wote wangeweza kukingwa bila kutumia hata shilingi.

Shida kubwa ni wakati. Ukianza kukimbia, moyo na mapafu zinazoea haraka, wiki mbili tatu unaskia pumzi imetulia, kilima chenye kilikuwa kinakusimamisha sasa unakipanda ukipiga story. Hapo ndio watu wanaongeza. Lakini kano, yaani zile kamba ngumu zinashikanisha msuli na mfupa kama ile ya nyuma ya kisigino, na mifupa yenyewe, hizo zinazoea kwa miezi. Na kuna jambo wengi hawajaambiwa: mfupa ukipewa kazi mpya hauanzi kwa kuwa mgumu. Mwili unaanza kwa kutoa ile sehemu imechoka ndio ujaze mpya, na kutoa kunaenda mbio kuliko kujaza. Kwa hivo kuna kipindi, wiki ya tatu hivi mpaka ya nane, pumzi inakwambia uko fiti kabisa na kumbe muundi uko dhaifu. Ukiongeza hapo ndio mfupa unaingia nyufa. Hata majeshini, nchi nyingi tu, makurutu wanaumia mifupa hizo wiki za kwanza kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa kama unaanza kutoka sufuri, tafadhali anza na siku tatu kwa wiki, na ukimbie kwa kuchanganya na kutembea, dakika moja mbio dakika mbili mguu, hivo hivo nusu saa, kila wiki unapunguza kutembea kidogo. Mwendo uwe ule unaeza ongea sentensi nzima bila kukata. Wiki moja ongeza kitu kimoja tu, kama ni umbali basi usiguse kilima wala spidi. Na ujihadhari sana na ile mbio moja ya Jumamosi ya kufuata marafiki, mtu mwezi mzima hajapita kilomita tano anajikuta amebebwa kumi na mbili. Hiyo moja inatosha kukuweka nje msimu wote.

Mkitaka kuamini kwamba polepole ni kazi, siku moja muende Iten huko juu mita 2,400 ama Kaptagat muangalie wakitoka asubuhi kwa mbio nyepesi. Watu wa marathoni ya saa mbili na kitu wanaanza mdogo mdogo mpaka wewe mgeni unaeza kuwafuata kilomita ya kwanza. Kipchoge, mwenye alikimbia 1:59:40 Vienna mwaka wa 2019, mbio zake nyingi za wiki ni za polepole. Siku ngumu ziko, lakini ni chache na zimepangwa.

Kama kuna mahali panauma leteni hapa tuongee.

KurutuMtarajiwa (Manyatta)

Dada fizio asante sana, ni kama unaniongelea mimi. Muundi wa kushoto unauma wiki ya pili sasa, kwa ndani hapo chini kidogo ya katikati. Nikianza kukimbia unauma, wakati mwingine hata usiku. Nilikuwa nataka nimeze diclo ya kuzima uchungu nikimbie juu mchujo uko karibu, naeza?

NyarDunga_Fizio

Ndugu yangu tulia kwanza, usikimbie leo. Keti, pitisha kidole kimoja kwa muundi wako kutoka juu mpaka chini ukifinya mdogo mdogo. Kama uchungu umesambaa sehemu ndefu, zaidi ya sentimita tano, na ukianza mazoezi unapungua mwili ukipata moto, mara nyingi huo ni muwasho wa pale misuli imeshikana na mfupa. Punguza mbio nusu, epuka lami na vilima, unapona. Lakini kama kuna mahali PAMOJA unaeza kugusa na ncha ya kidole ukaruka, na unauma ukitembea ama umelala usiku vile unasema, huo tunauchukua kama ufa wa mfupa mpaka ithibitishwe sio. Usijijaribu kwa kuruka na mguu mmoja, naona watu wanaambiana hiyo.

Kapigwe eksirei, lakini ujue wiki mbili tatu za kwanza ufa mara nyingi hauonekani kwa filamu. Ukiambiwa picha iko safi na bado panauma pale pale, picha isikutoe kwa mapumziko, rudi ipigwe tena baadaye. Ufa wa muundi ukipumzishwa mapema kwa kawaida unashika ndani ya wiki sita mpaka nane hivi. Usipopumzika unaeza kuvunjika kabisa, na hapo hauongei tena juu ya mchujo huu wala ule mwingine.

Diclo hapana. Inazima uchungu na uchungu ndio unakulinda saa hii. Alafu diclo na brufen ukizimeza ukakimbie na jua la Kisumu mwili umekauka maji, figo ndio zinapata shida. Hata mtu mzima wa afya asizimeze ndio akimbie.

Saa hii fanya baiskeli kama haiumi, push-up, na misuli ya tumbo. Pumzi haitapotea.

Na wengine mnaosoma, uchungu ukiwa kwa kinena ama ndani ya nyonga kwa mtu anakimbia sana, simama SIKU HIYO. Shingo ya mfupa wa paja ikikatika ni opareshini.

Dada zangu pia, hedhi ikipotea juu unakimbia sana na unakula kidogo, mifupa inakuwa dhaifu, hiyo ni ishara ya hatari, usiichukulie kama bahati. Ongeza chakula na uonane na daktari.

MseWa58 (Nakuru)

Uzi wa maana sana. Mimi nakimbia Nakuru, Section 58 kushuka Free Area, na naomba niongeze ya barabara juu hiyo ndio inaua watu kwetu kuliko muundi. Asubuhi ya saa kumi na moja bado ni giza totoro, jua linatoka ka saa kumi na mbili na nusu, na watu wamevaa nyeusi juu mpaka chini alafu masikioni wameziba muziki. Dere wa matatu anatoka Nairobi usiku kucha macho mekundu, hawezi kukuona.

Kimbia upande wa kulia, uangalie magari yakikuja. Sisi tunaendesha kushoto kwa hivo ukikimbia kushoto kila kitu kinakujia mgongoni. Riflekta ya boda ni bei ya chini, vaa, hakuna mtu atakucheka na akicheka shauri yake. Sikio moja liwe wazi. Na msikimbie mbili mbili sambamba pale hakuna bega la barabara, ikisongwa mnaingia mstari mmoja.

Kitu ingine lami imeinama kwenda mtaroni, ukikimbia upande mmoja tu kila siku mguu wa chini unafanya kazi tofauti na wa juu, nyonga na goti zinalia. Ukipata njia ya murram tambarare ndio poa.

Na mbwa. Ukiumwa na mbwa hata ka ni kidonda kidogo, osha na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, alafu hospitali SIKU HIYO upewe sindano za kichaa cha mbwa. Msingoje muone ka mbwa atakufa.

NyarDunga_Fizio

Kaka 58 umenena, hiyo ya mbwa naomba kila mtu aishike, juu kichaa cha mbwa dalili zikitokea hakuna matibabu ya kukurudisha. Na wa huku kwetu wanaopenda kukimbia pwani ya Dunga kabla ya mapambazuko, viboko usiku wanatoka majini kula nyasi na alfajiri ndio wanarudi ziwani. Usijipate katikati ya kiboko na maji. Ngojeni pakuche.

KochiMulembe (Kakamega)

Mulembe wote. Mimi nafunza vijana mpira, wasichana na wavulana. Swali langu ni kifundo cha mguu. Mtoto akiteguka hapa watu wanamkimbiza kwa mzee wa kukanda, wengine maji moto na chumvi hapo hapo. Ni sawa? Na ni lini nijue huyu ni wa hospitali, juu wazazi wengi hawana pesa ya eksirei ya bure bure.

NyarDunga_Fizio

Kochi asante kwa kuuliza, hii ni muhimu sana. Siku mbili tatu za kwanza usimkande na usimchome na maji moto. Ndani kunavuja damu, ukikanda na kupasha moto uvimbe unaongezeka, na kama mfupa umevunjika unausukuma. Funga na bandeji ya kuvuta, isikaze mpaka vidole vibadilike rangi, inua mguu juu ya kiwango cha moyo, barafu dakika kumi na tano ikiwa imefungwa kitambaa kama inampunguzia uchungu.

Ya eksirei kuna kipimo madaktari wa Ottawa huko Kanada walitengeneza na kinatumika dunia nzima, unaeza kukifanya hapo uwanjani. Muangalie kama anaweza kupiga hatua nne mwenyewe, hata akichechemea. Alafu finya ukingo wa NYUMA wa yale mafundo mawili ya mfupa, la ndani na la nje, kuanzia ncha ukipanda juu kama sentimita sita. Pia finya ule mfupa umetokeza pembeni ya unyayo kwa nje, hapo katikati, na mfupa wa juu ya upinde wa mguu kwa ndani. Akishindwa hatua nne ama mfupa ukiuma pale, ni eksirei. Hatua nne zikitoka na mifupa haiumi, karibu kila mara ni nyama tu na mzazi aweke pesa yake. Kwa watoto wadogo sana na mtu amelewa usikitegemee.

Alafu usimlaze wiki tatu kitandani. Siku chache tu, alafu aanze kukanyaga vile anaweza, na asirudi mechi mpaka asimame na mguu mmoja macho yamefungwa bila kuyumba sana na akate kona bila kuogopa. Wengi wanaoteguka mara ya pili na ya tatu ni juu hakuna mtu aliwafunza tena kusimama.

Na kwa timu nzima tumia ule mpangilio wa FIFA wa kupasha mwili, unaitwa 11+, ulitoka 2006, ni dakika 20 hivi, hauhitaji kifaa ila mpira. Kuna kukimbia polepole, kusimama mguu mmoja, kuruka na kutua magoti yakiwa juu ya vidole, na kule kushuka mbele umepiga magoti mwenzako amekushika vifundo. Timu zenye zinaufanya kila mazoezi zinaumia kidogo, hii imepimwa sana. Wasichana ndio wanaumia zaidi ile kamba ya katikati ya goti inashikanisha mfupa na mfupa, wafunze kutua: goti lisiingie ndani.

KochiMulembe

Ubarikiwe dada. Na mimi niwape moja ya kwetu. Radi. Hapa Kakamega na kule Kisii mvua ya alasiri haina mchezo, na mwalimu anasema tumalizie dakika kumi. Ukiskia ngurumo, hata ka mvua haijafika, mechi imeisha, watoto waingie darasani ama ndani ya gari, si chini ya mti na si kwa kile kibanda cha mabati kisicho na ukuta. Mngoje nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Mimi refa akikataa natoa timu yangu, pointi zitapatikana tu.

Mama_Kiamunyi (Nakuru)

Watoto wangu naomba kuuliza. Nimepita hamsini, nina presha natumia dawa, uzito umepanda na magoti yanalia. Daktari amesema nifanye mazoezi lakini majirani wananiambia kukimbia kutamaliza magoti. Nianze wapi?

NyarDunga_Fizio

Mama habari yako, asante kwa kuuliza. Magoti hayaishi kwa kutembea wala kwa mbio za kiasi, yanaumia zaidi misuli ya paja ikiwa dhaifu. Hapo Kiamunyi pana njia tambarare, anza kutembea haraka kama mtu amechelewa kanisani, dakika kumi, kila siku ya pili, ongeza mdogo mdogo. Alafu nyumbani chukua kiti kisichoteleza, kiegemee ukutani, keti na usimame bila kutumia mikono, mara nane, pumzika, rudia. Siku utaweza bila kujivuta utaona goti limepunguza kelele. Uchungu kidogo wakati wa mazoezi ni sawa kama kesho yake asubuhi umerudi vile ulikuwa. Ukiamka goti limevimba, umezidisha, punguza.

Kwa presha usibane pumzi ukiinua kitu kizito, toa pumzi ukisukuma. Na mama, kifua kikikaza, uchungu ukipanda taya ama mkono, kizunguzungu ama kuzimia UKIWA katika mazoezi, simama na uende hospitali saa hiyo hiyo. Usingoje kesho.

Nyalenda_Chuma

Fizio, mimi ni wa jimu ya mtaa, zile vyuma tunamwaga simiti kwa mikebe ya rangi na bomba la maji katikati. Kuna chalenji ya skwati 500 imeenda mtaani. Boyz wamefanya juzi. Mmoja ni cousin yangu, leo mapaja yamevimba hawezi kushuka ngazi, na anasema anakojoa kitu rangi ya strungi, ile chai bila maziwa. Alikuwa ameacha mazoezi tangu mwaka jana. Ni uchovu tu ama?

NyarDunga_Fizio

SI UCHOVU. Omera achana na simu, mpeleke hospitali saa hii, usiku huu, si kesho. Misuli imevunjika sana na takataka zake zimeingia kwa damu, figo zinajaribu kuzichuja na zinaziba. Muwaambie maneno haya: alifanya skwati nyingi sana ghafla, misuli imevimba, mkojo umekuwa mweusi. Wampime damu na figo na wamuwekee maji ya mshipa. Asimeze diclo wala brufen. Niandikie mkifika.

Nyalenda_Chuma

Tumefika Russia, hospitali ya Jaramogi hapa Kisumu. Wamemlaza, drip imewekwa, wanangoja majibu ya damu.

NyarDunga_Fizio

Asante sana kwa kutochelewa. Sasa wengine someni. Hiyo haiji kwa mazoezi ya kawaida, inakuja mtu akifanya mengi ambayo mwili haujazoea, na jua na ukosefu wa maji zinaizidisha. Ukirudi baada ya kukaa, seti mbili za kumi zinatosha siku ya kwanza hata kama unaskia unaweza mia.

Na huku kwetu kuna jambo lazima lisemwe. Western na Nyanza watu wengi wamebeba selimundu (sickle cell) nusu, yaani umerithi upande mmoja, hauna ugonjwa na hata haujui. Maisha yako ni ya kawaida na mazoezi unaeza kufanya, lakini kukimbizwa kwa nguvu bila kupumzika, hasa siku za kwanza na kwa joto, kumewahi kuangusha watu wa aina hii mpaka kufa. Ujipime, ni damu tu. Ukijua uko nayo, panda polepole, pumzika katikati ya seti, kunywa maji, na miguu ikianza kuwa dhaifu na kuuma ghafla ukikimbia, keti chini bila aibu. Makochi, kijana akisema miguu imekataa msimwite mvivu.

Homa pia. Ukiwa na malaria ama homa yoyote usifanye mazoezi ya "kutoa jasho itoke". Ngoja homa iishe kabisa, alafu siku chache tena.

Joto nalo: mtu wa Nakuru amezoea mita 1,850, akishuka Kisumu mita 1,130 na hewa nzito ya ziwa, jasho halikauki na mwili haupoi. Ujipe wiki moja mpaka mbili ya kuzoea, kimbia kabla ya saa mbili asubuhi. Mwenzako akianza kuongea vitu havieleweki ama kupepesuka, hata kama bado anatoka jasho, hiyo ni dharura, joto limepanda mpaka kichwani. Mpoze KWANZA hapo hapo: kivuli, toa nguo, mwagia maji mwili wote bila kusimama, barafu ya wauza samaki kwa shingo na makwapa, huku mwingine akiita ambulensi, Red Cross ni 1199. Kumpakia kwa boda akiwa moto hivo ni kupoteza dakika zenye zingemuokoa.

Nyalenda_Chuma

Nimesoma yote. Na vyuma za simiti tuziache?

NyarDunga_Fizio

Hapana, msiache, simiti inajenga mwili vizuri tu. Lakini mikebe miwili haina uzito sawa hata siku moja, moja ilipata kokoto nyingi. Pelekeni kila moja kwa mizani ya posho mill, muandike kilo na rangi, muoanishe. Bomba likianza kupinda ama kutu ikila pale simiti inaingilia, tupa. Kusukuma chuma ukiwa umelala benchi usifanye peke yako, na kidole gumba kizunguke bomba. Na kuinua kutoka chini, mgongo unyooke kuanzia mara ya kwanza mpaka ya mwisho. Ukianza kuupinda seti imeisha.

MseWa58

Dada swali la mwisho, viatu. Mpya ni bei na mimi navaa mtumba.

NyarDunga_Fizio

Mtumba ni sawa kabisa ukijua kuchagua. Weka pea juu ya meza tambarare uangalie kwa nyuma macho yakiwa sawa na kisigino: kikiinama ndani ama nje, aliyekivaa amekiua, rudisha. Finya soli ya kati na kidole gumba, inafaa irudi, ikiwa ngumu ama imejaa mikunjo ya kando haina kazi tena. Kiatu cha kukimbia kinaishi kilomita 500 mpaka 800 hivi na hujui mwenyewe alikimbia ngapi. Kidole kirefu kibaki na nafasi ya upana wa gumba mbele, na ujaribu jioni miguu ikiwa imevimba kidogo.

KurutuMtarajiwa

Soko la Kibuye siku gani ndio kuna viatu vingi?

NyarDunga_Fizio

Jumapili, fika mapema. Lakini wewe nunua uweke, mbio ni mpaka nikuone muundi huo.